Darasa Lililoingia Ndani ya Simu

Hotuba kwa wazazi na walimu, Mtoni, Unguja





Tumekuja Mtoni kuzungumza juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu bila ya hodi. Mwanafunzi anarudi skuli, hajavua hata sare, na kitu cha kwanza anachokiomba si chakula, ni simu. Ukimuuliza ya nini, anakujibu: "Mwalimu katutumia kazi." Mzazi anatoa simu, kwa sababu hakuna mzazi anayetaka kuwa kizuizi cha elimu ya mwanawe. Lakini tangu simu ile ilipotoka mkononi mwake, mzazi huyo amekuwa mtumiaji wa huduma asiyoijua bei yake, masharti yake, wala mlango wa kulalamikia. Sisi ambao kazi yetu ni kumhudumia mtumiaji tumeona kwamba jambo hili halifai kuachwa lijiendeshe lenyewe.

Si vibaya tukaanzia hapa hapa tulipo. Katika kasri la Mtoni, ambalo magofu yake mnayapita kila siku, alizaliwa Sayyida Salme binti Said mwaka 1844. Katika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886, anaeleza kwamba watoto wa kike wa kasri walifunzwa kusoma tu; kuandika hakukuwa kwao. Yeye akajifunza kwa siri, akizinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi wa zama zile. Tunakikumbusha kisa hiki kwa sababu moja. Chombo cha kuandikia kilikuwapo ndani ya nyumba, na ubao haukukosekana. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuushika. Leo pia, kila chombo kipya kinapoingia darasani, la kuulizwa kwanza ni nani atakayekishika na nani atakayekaa pembeni akitazama.

Faida iliyopo

Tusije tukaonekana tumekuja kuwatisha watu na teknolojia. Zana hizi za kushirikiana mtandaoni zina manufaa ya kweli, na mwalimu anayezitumia vizuri anastahili shukrani zetu.

Zipo za aina nyingi. Lipo kundi la WhatsApp, ambalo ndilo tunalolijua zaidi. Ipo Google Classroom, ambamo mwalimu huweka kazi na wanafunzi wakairejesha humo humo. Upo mkutano wa video, kama ule wa Zoom. Na upo waraka wa pamoja, kama ule wa Google Docs, ambao watu watano huweza kuuandika kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, na kila mmoja akayaona maneno ya mwenzake yanavyojitokeza.

Chukueni mfano wa darasa la kidato cha pili lililopewa kazi ya kuandika juu ya mikoko ya Maruhubi. Mmoja anaeleza aina za miti, wa pili anamhoji babu yake mvuvi, wa tatu anasahihisha tahajia, wa nne anapanga aya. Mwalimu anaingia usiku, anaona pahala walipokwama, anaacha neno moja pembeni, na asubuhi kazi imesonga mbele. Kidole kimoja hakivunji chawa, na waraka wa namna hii humfundisha mtoto maana ya methali hiyo kwa vitendo. Tena waraka huo huhifadhi kumbukumbu ya kila badiliko: nani ameandika nini, na saa ngapi. Aliyefanya kazi hawezi kudhulumiwa na mwenzake aliyelala.

Mwezi wa Machi 2020, skuli zilipofungwa nchi nzima kwa sababu ya maradhi ya korona, tulijionea wenyewe haja ya darasa lisilotegemea kuta. Walimu wengi walianza hapo kutuma masomo kwa simu. Skuli zilifunguliwa tena katikati ya mwaka ule, lakini makundi yale hayakufungwa. Yamebaki, yameongezeka, na sasa ni sehemu ya skuli. Kwa hiyo tunakuombeni, kabla ya kujiunga na darasa lolote la mtandaoni, muulize maswali matatu: Nani analipa? Nani anaona? Nani amekosekana?

Swali la kwanza: Nani analipa?

Zana nyingi katika hizi huitwa za bure. Ni kweli kwamba kufungua akaunti hakuna ada. Lakini kifurushi cha intaneti kina bei, na bei hiyo huangukia mfukoni mwa mzazi. Rahisi huvunja upishi, walisema wazee wetu. Na la bure pia huweza kuuvunja, usipojua kinachopikwa.

Tofauti ya matumizi ni kubwa sana. Maelezo ya kazi yaliyoandikwa kwa maneno katika ujumbe hayafiki hata megabaiti 1. Picha ya ukurasa wa kitabu inayotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida nayo haifiki megabaiti 1. Lakini mkutano wa video wa saa moja huweza kula megabaiti mia kadhaa, na wa watu wengi huweza kuzidi gigabaiti 1. Yaani somo lile lile, lililotolewa na mwalimu yule yule, huweza kumgharimu mzazi takriban bure au kikamla kifurushi cha wiki nzima, kutegemea njia iliyochaguliwa. Anayeichagua njia ni mwalimu, na anayeilipia ni mzazi. Ndiyo maana wawili hawa lazima wazungumze.

Kwa upande wenu wazazi, yapo mambo machache ya kufanya leo hii. Fungueni mipangilio ya WhatsApp na kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe. Kundi la wazazi arubaini wanaotumiana video za asubuhi njema huweza kumaliza kifurushi kilichonunuliwa kwa ajili ya somo. Na mzijue haki zenu. Kanuni za vifurushi zilizoanza kutumika tarehe 2 Aprili 2021 zinaitaka kampuni ya simu ikujulishe matumizi yako yanapofika asilimia 75 ya kifurushi na yanapofika asilimia 100. Kifurushi kikimalizika, ni wewe unayechagua kuendelea au kutoendelea kwa gharama za kawaida. Na unaruhusiwa kumhamishia mtu wa mtandao wako sehemu ya kifurushi ulichonunua. Hili la mwisho lina faida kubwa kwa mzazi aliyeko kazini Darajani na mwanawe aliyeko nyumbani Mtoni.

Kwa upande wenu walimu, tunakuombeni muanze na njia nyepesi. Linaloweza kuandikwa liandikwe. Linalohitaji sauti litumwe kwa sauti. Video iwe kwa lile tu lisiloeleweka bila ya kuonekana.

Swali la pili: Nani anaona?

Hapa ndipo penye hatari ambayo mzazi haioni katika salio lake.

Mtu anapoingizwa katika kundi la WhatsApp, namba yake ya simu huonekana na wote waliomo. Jina la kundi mara nyingi hutaja skuli na darasa. Mzazi akiandika, "Mimi ni mama yake fulani," basi mtu yeyote aliyemo, na yeyote atakayeiona simu ya aliyemo, ameshapata namba ya mzazi, jina la mtoto, skuli yake na darasa lake.

Sote tunaujua ujumbe wa matapeli usemao pesa ile itumwe kwa namba hii. Wengi wetu siku hizi tunaucheka. Lakini upo mwengine ambao hakuna mzazi anayeucheka: simu inapigwa saa nne za asubuhi, mtu anajitambulisha kuwa ni mwalimu, anataja jina la mtoto na darasa lake, anasema ameanguka na amekimbizwa hospitali, na inatakiwa pesa ya dawa sasa hivi. Mzazi hana nafasi ya kufikiri. Kila jina linalotajwa ni sahihi. Mkono wake unatetemeka, na pesa imekwenda.

Likikufikeni hilo, kateni simu, mpigie mwalimu mkuu kwa namba mliyoihifadhi wenyewe, au mpelekeni jirani mbio skuli. Ujumbe wa utapeli upelekeni kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na kwa kupiga *106# mnaweza kuangalia ni namba ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu, msije mkawa wenyeji wa laini msizozijua.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii imo mikononi mwa msimamizi wa kundi. Kundi la matangazo liwekwe kwa namna ambayo wasimamizi peke yao ndio wanaoandika. Kiungo cha kujiungia kisisambazwe ovyo. Anayehama skuli aondolewe. Matokeo ya mitihani yasibandikwe kundini na majina yake. Mtoto aliyepata sifuri ana heshima yake, na mzazi wake hana haja ya kuisoma aibu hiyo pamoja na watu tisini. Picha za watoto zisipelekwe bila ya ridhaa ya wazazi. Na waraka wa pamoja ufunguliwe kwa wale tu walioalikwa kwa majina, si kwa kila mwenye kiungo.

Haya si adabu tu. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamtambua kuwa mtoto kila asiyefika miaka 18. Na zana zenyewe zina masharti yake: WhatsApp inamtaka mtumiaji awe ametimiza angalau miaka 13. Mtoto wa darasa la nne, basi, hastahiki kuwa na akaunti yake. Kazi yake ipitie kwa mzazi, na mwalimu asimwambie mtoto aongeze umri ili aingie. Uongo wa kwanza mtandaoni usifundishwe na skuli.

Swali la tatu: Nani amekosekana?

Tumeliacha swali hili mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote.

Tuseme yupo mama mmoja hapa Mtoni. Mfano huu hatumkusudii mtu, ila huenda wengi mkajiona ndani yake. Ana watoto watatu wanaosoma na simu moja ya kisasa. Asubuhi anapanda daladala ya kwenda mjini, na simu anaondoka nayo, kwa kuwa ndiyo biashara yake: wateja humpigia, na malipo hupokelea humo. Hurudi magharibi imeshapita. Simu ina chaji kidogo, kifurushi kimebaki kidogo zaidi, na watoto watatu wanaingoja. Mkubwa ana mtihani wa taifa, kwa hivyo ndiye wa kwanza. Wa kidato cha pili, aliyemo katika kundi la mikoko, zamu yake ikifika saa nne za usiku anaona wenzake wameshamaliza. Anaongeza sentensi mbili, chaji inakwisha.

Siku ya pili mwalimu anafungua kumbukumbu za waraka. Mwanafunzi wa kwanza ameandika maneno mia tatu. Wa pili mia mbili na hamsini. Huyu, ishirini na moja. Mwalimu si mtu mbaya, anakiamini anachokiona. Anamwandikia: "Hushirikiani na wenzako." Na mtoto, kwa kuona haya, hasemi kwamba nyumbani kwao simu ni moja.

Hiyo ndiyo kasoro ya zana hizi ambayo hakuna kampuni itakayoitangaza. Zinamwonesha mwalimu nani ameandika. Hazimwoneshi nani hakuwa na cha kuandikia. Asiyekuwapo na lake halipo. Lakini ikiwa hakuwapo kwa sababu ya umasikini wa nyumba yao, sisi watu wazima hatuna ruhusa ya kumhukumu kwa methali hiyo.

Mwalimu anaweza kuliondoa dhara hili kwa hatua ndogo. Mwanzo wa muhula, amuulize kila mwanafunzi kwa faragha, si mbele ya darasa: nyumbani kuna simu ya intaneti? Ni ya nani? Hupatikana saa ngapi? Kisha apange makundi na muda kwa kuyazingatia majibu. Kazi ya kikundi ipewe siku kadhaa, si usiku mmoja. Sehemu ya kuandika ifanywe skuli kwenye kompyuta ikiwa zipo, au kwa daftari, kisha mmoja aipige picha na kuiingiza. Google Docs pia huruhusu kuandika bila ya intaneti, ikiwa chombo kimetayarishwa kabla, na maneno yakapanda mtandao utakapopatikana. Na alama zitolewe kwa fikra aliyoileta mtoto, si kwa idadi ya maneno aliyoyachapa.

Wala tusisahau kwamba mtandao wenyewe hukosekana kwa sote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi nyengine za Afrika Mashariki. Na waliokuwapo Unguja mwishoni mwa mwaka 2009 wanaikumbuka miezi mitatu ya kiza, tangu Disemba hadi Machi 2010, waya wa umeme ulipoharibika. Kisiwa kinachounganishwa kwa waya hakifai kuweka elimu yake yote mwisho wa waya. Kila kazi ya mtandaoni iwe na nakala ya karatasi ubavuni mwake. Redio nayo isidharauliwe: wengi wenu mna watoto waliojifunza kuhesabu kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze, na redio haikuwadai kifurushi.

Mapatano ya ukurasa mmoja

Basi tunapendekeza nini? Hatupendekezi kupiga marufuku, wala kuacha mambo yaende yatakavyo. Tunapendekeza kila darasa liwe na mapatano ya ukurasa mmoja, yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, yakasomwa kwenye kikao cha wazazi na kuridhiwa. Yaseme mambo haya:

Ni zana gani zitakazotumika, na kwa kazi gani.
Takriban intaneti kiasi gani itahitajika kwa wiki.
Nani msimamizi wa kundi, na nani anaruhusiwa kuingia.
Saa za kutuma ujumbe, na saa za kumwacha mwalimu apumzike. Naye ana nyumba na watoto.
Picha na matokeo ya watoto yatahifadhiwa vipi, na yatafutwa lini.
Asiye na simu atapata kazi yake kwa njia gani, bila ya kupungukiwa alama.

Ikiwa skuli haiwezi kulijibu la mwisho, basi kazi hiyo haijawa tayari kupelekwa mtandaoni.

Na likitokea la kulalamikia, lina mlango wake. La darasani lianzie kwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu na kamati ya skuli. La kifurushi au laini lianzie kwa kampuni ya simu yenyewe. Mwandike tarehe na saa mliyolalamika, na msiporidhika mlipeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi hapa Zanzibar. La simu au kompyuta mbovu mliyouziwa kwa ajili ya masomo, chukueni risiti mwende Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, iliyowekwa na sheria namba 5 ya mwaka 2018. Risiti ndiyo ulimi wenu. Asiyedai risiti siku ya kununua huwa hana la kusema siku ya kulalamika.

Ndugu zetu wapendwa, tulianza na binti aliyejifunza kuandika kwa kujificha. Hatujui ni wangapi katika kasri lile waliotamani kama yeye na hawakuthubutu, kwa sababu hawakuacha maandishi. Katika madarasa yetu ya leo wamo watoto ambao jina lao halionekani kwenye waraka wa pamoja. Msiwasubiri waombe. Walimu, waulizeni. Wazazi, wasemeeni. Na mwenye simu mbili jirani yake mwenye simu moja, tunakuachieni jambo hilo mlimalize baina yenu kwa ujirani mwema wa Mtoni.